Mbingu kwa Dhiraa: Juu ya Kugeuza Umbali wa Nyota kuwa Vipimo vya Kale

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma historia ya elimu ya falaki hakosi kukuta sentensi ya namna hii: mtaalamu fulani wa kale alipima mzingo wa dunia, akakosea kwa sehemu moja tu katika mia. Sentensi hiyo hupendeza, nayo hurudiwa darasani mwaka hata mwaka. Lakini inaficha jambo moja, nalo ndilo kubwa. Mtaalamu yule hakuandika kilomita. Aliandika stadio, au beru, au yojana, au maili ya dhiraa elfu nne. Kati ya neno lake na kilomita yetu amesimama mtu wa tatu, yaani mgeuzaji, ambaye jina lake halitajwi na hesabu yake haionyeshwi.

Katika makala haya tunakusudia kumwangalia huyo mgeuzaji. Tutauliza maswali mawili. Kwanza: watu wa kale walipotaka kutaja umbali wa mwezi, wa jua na wa nyota, walitumia vipimo gani, na vipimo hivyo vilitoka wapi? Pili: sisi tunapovigeuza vipimo vyao kuwa vyetu, au vyetu kuwa vyao, tunahifadhi nini na tunapoteza nini? Hoja yetu ni kwamba tarakimu bila urefu wa kipimo chake ni nusu ya habari. Na kwamba wataalamu wa kale wenyewe, walio hodari miongoni mwao, walilijua jambo hilo kuliko baadhi yetu.

Swali hili lawahusu pia watu wa Kiswahili. Lugha yetu imepokea maneno ya vipimo kutoka pande nyingi, na neno moja laweza kubeba urefu wa namna mbili au tatu. Mwenye kutafsiri maandiko ya kale kwa Kiswahili hawezi kuukwepa mtego huo. Afadhali autambue mapema.

2. Kipimo kilichotoka mwilini

Vipimo vya kale vya urefu, karibu vyote, vilianzia katika mwili wa mtu. Kiswahili chenyewe ni shahidi. Tuna shibiri, yaani toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Tuna mkono, ambao pia huitwa dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Tuna wari, ambayo ni mikono miwili, na pima, ambayo ni mikono minne. Katika biashara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kupita Unyanyembe na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo katika Manyema, nguo ilihesabiwa kwa mikono: shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane.

Kipimo cha namna hii kina sifa na kasoro. Sifa yake ni kwamba kila mtu anacho, wala hahitaji kukinunua. Kasoro yake ni kwamba mikono ya watu hailingani. Kwa ajili hiyo dola za kale, kila zilipokusanya kodi au kujenga mahekalu, ziliweka mkono mmoja kuwa sheria kwa wote. Misri ilikuwa na dhiraa ya kifalme, yenye urefu wa karibu sentimita 52.5, iliyogawanywa kwa viganja saba na vidole ishirini na vinane. Lakini sheria ya mfalme mmoja haikuvuka mpaka wa mfalme mwingine, na mara nyingine haikuvuka ukuta wa soko moja hadi soko la pili. Jina lilibaki lile lile, urefu ukabadilika.

Sasa tazama jinsi kipimo hiki cha kiwiko kilivyopelekwa hadi nyotani. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Archimedes wa Sirakusa aliandika risala fupi juu ya kuhesabu chembe za mchanga. Alitaka kuonyesha kwamba hata ulimwengu mzima ukijazwa mchanga, hesabu ya chembe zake yaweza kutajwa. Akaanza na punje ya mpopi, akasema kwamba chembe za mchanga zinazoingia ndani yake hazizidi elfu kumi. Akaendelea: kipenyo cha punje hiyo si pungufu ya sehemu ya arobaini ya upana wa kidole, stadio moja haizidi vidole elfu kumi, kipenyo cha dunia hakizidi stadio milioni moja, na kipenyo cha ulimwengu, yaani tufe ambalo nusu-kipenyo chake ni umbali wa jua, hakizidi stadio milioni elfu kumi. Mwishowe akachukua dhana ya Aristarchus, aliyesema kwamba dunia huzunguka jua na kwamba nyota ziko mbali mno, akapata kwa tufe la nyota kipenyo kisichozidi stadio milioni milioni mia moja.

Tukigeuza tarakimu hiyo ya mwisho kwa stadio ya mita 185, nusu-kipenyo cha tufe hilo ni karibu mwaka mmoja wa nuru. Nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24. Lakini tusiharakishe kumsifu Archimedes kwa kukaribia. Yeye hakupima, aliweka mpaka wa juu, akauongeza makusudi ili asije akashutumiwa kwa kupunguza. Mzingo wa dunia, kwa mfano, aliuweka kuwa stadio milioni tatu, hali alijua kwamba wengine walitaja laki tatu. Kugeuza tarakimu yake kuwa kilomita na kusema «alipata kiasi hiki» ni kumtia kinywani neno asilolisema.

3. Babeli: kipimo cha njia na kipimo cha wakati

Huko Babeli tunakutana na fikra nyingine. Kipimo chao kikubwa cha njia kiliitwa beru. Kilikuwa na dhiraa 21,600, yaani karibu kilomita 10.8. Lakini beru ilikuwa pia kipimo cha wakati: siku nzima, mchana pamoja na usiku, ilikuwa na beru kumi na mbili, kila moja sawa na saa mbili zetu. Tena ilikuwa kipimo cha mbingu: mzunguko mzima wa anga uligawanywa kwa beru kumi na mbili, kila moja ikiwa na sehemu thelathini zilizoitwa ush. Hapo ndipo zilipotokea digrii 360 tunazozitumia hadi leo.

Msemaji wa Kiswahili hatashangaa. Sisi nasi twasema kwamba kijiji fulani kiko mwendo wa siku mbili, na kila mtu huelewa kwamba twataja njia kwa jina la wakati. Ndivyo unavyofanya pia mwaka wa nuru, ambao jina lake ni la wakati na maana yake ni umbali, kilomita 9,460,000,000,000 hivi. Fikra ya Wababeli na fikra ya wanafalaki wa siku zetu zimekaribiana hapa kuliko tunavyodhani.

Pana kibao kimoja cha udongo kutoka Uruk, cha zama za mwisho za maandishi ya Babeli, kinachohifadhiwa katika jumba la Louvre mjini Paris, ambacho kina thamani kubwa kwa mada yetu. Kibao hicho kinaorodhesha nyota zinazopita utosini, na umbali kati ya nyota na nyota kinautaja kwa njia tatu: kwa uzito wa maji yaliyotiririka katika saa ya maji, kwa ush «juu ya ardhi», na kwa beru «mbinguni». Uwiano ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho: ush moja ya ardhi ni beru 1,800 za mbinguni. Jumla ya ush ni 364, na jumla ya beru za mbinguni ni 655,200.

Hesabu hii ni ya kugeuza kabisa. Mwandishi alikuwa na pembe, akataka njia. Akaweka uwiano wa kudumu, akazidisha. Tukichukua beru ya kilomita 10.8, duara lake la nyota lina mzingo wa kilomita milioni saba hivi, na nusu-kipenyo chake ni karibu mara tatu ya umbali wa mwezi. Kwa kweli ya mambo ni kidogo mno. Hata hivyo jambo la kutia maanani ni kwamba aliona haja ya kutofautisha beru ya ardhi na beru ya mbinguni. Hakudhani kwamba neno moja lina urefu mmoja kila mahali.

4. Wagiriki: fumbo la stadio

Tufike sasa kwa Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kitabu chake juu ya kipimo cha dunia kimepotea. Habari zake twazipata kwa waandishi waliokuja baadaye. Kwa mujibu wao, aliona kwamba adhuhuri ya siku ya jua la kaskazini jua halikutupa kivuli huko Siene, ambayo leo ni Aswan, hali huko Aleksandria lilitupa kivuli cha pembe iliyo sehemu ya hamsini ya duara. Umbali wa miji hiyo miwili aliuchukua kuwa stadio 5,000. Mzingo wa dunia basi ukawa stadio 250,000. Baadaye tarakimu 252,000 ikashika nafasi, kwa kuwa yagawanyika vema, stadio 700 kwa kila digrii.

Je, stadio 252,000 ni kilomita ngapi? Hapa wageuzaji wamegawanyika. Wanaochukua stadio ya Athene, mita 185 hivi, hupata kilomita 46,620, yaani kosa la zaidi ya asilimia kumi na sita. Wanaochukua stadio ya mita 157.5 hupata kilomita 39,690, kosa la chini ya asilimia moja. Tofauti yote hii haimo katika kazi ya Eratosthenes. Imo katika kalamu ya mgeuzaji.

Na stadio ya mita 157.5 ilitoka wapi? Ilitoka katika sentensi moja ya Plinius, mwandishi wa Kiroma wa karne ya 1, asemaye kwamba kwa hesabu ya Eratosthenes kipimo cha Kimisri kiitwacho skoino kina stadio arobaini. Wataalamu wengine walidhani kwamba skoino ilikuwa na dhiraa za kifalme 12,000, yaani mita 6,300. Wakagawanya kwa arobaini, wakapata mita 157.5. Lakini sentensi ile ile ya Plinius yaendelea kusema kwamba stadio hizo arobaini ni maili tano za Kiroma. Maili ya Kiroma ilikuwa mita 1,480 hivi. Tukigawanya maili tano kwa arobaini twapata mita 185! Ushahidi mmoja, wasomaji wawili, urefu wa namna mbili.

Msomaji atatambua hatari iliyopo. Mgeuzaji anayejua jibu la leo, yaani kilomita 40,000 hivi, huvutwa kuchagua stadio itakayompa jibu hilo, kisha husema: tazameni jinsi Eratosthenes alivyokuwa sahihi. Huo ni mviringo wa hoja: usahihi uliotiwa mwanzoni hutolewa mwishoni kana kwamba umegunduliwa. Isitoshe, Aswan na Aleksandria haziko juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Zimeachana kwa digrii tatu hivi za mashariki na magharibi. Tena umbali wa moja kwa moja kati yake ni kama kilomita 840, ambazo hazipatani na stadio 5,000 za urefu wowote kati ya hizo mbili. Sifa ya kweli ya Eratosthenes ni njia yake: kwa vivuli viwili na umbali mmoja wa ardhini alipata ukubwa wa tufe zima. Sifa hiyo haihitaji kupambwa.

5. Bara Hindi: uwiano unaookoa

Mfano wa Bara Hindi unatupa dawa ya ugonjwa tulioutaja. Aryabhata, aliyeandika mnamo mwaka 499, alipima dunia na mbingu kwa yojana. Alisema kwamba yojana moja ni kimo cha watu elfu nane, na kimo cha mtu ni dhiraa nne; hapa tena kipimo cha mbingu kimetoka mwilini. Kipenyo cha dunia alikiweka kuwa yojana 1,050, na duara la mwezi yojana 216,000. Lakini kitabu kingine mashuhuri, Surya Siddhanta, chataja kipenyo cha dunia kuwa yojana 1,600, na duara la mwezi yojana 324,000.

Msomaji wa haraka atasema kwamba vitabu hivi vinapingana. Hebu tufanye hesabu. Kwa Aryabhata, nusu-kipenyo cha duara la mwezi ni yojana 34,377, na nusu-kipenyo cha dunia ni 525. Mwezi basi uko mbali kwa nusu-vipenyo vya dunia 65 na nusu. Kwa Surya Siddhanta, nusu-kipenyo cha duara ni yojana 51,566 hivi, na cha dunia ni 800. Mwezi uko kwa nusu-vipenyo 64 na nusu. Vitabu viwili vilivyoonekana kuwa mbali kwa theluthi nzima vimekuwa karibu kama ndugu! Kilichotofautiana zaidi ni urefu wa yojana. Picha ya mbingu ni karibu moja. Na kipimo cha leo ni nusu-vipenyo 60.3.

Hapa pana funzo ambalo twaomba msomaji alishike. Umbali wa mbinguni haukupimwa kwa kamba. Ulipatikana kwa pembe, na pembe hutoa uwiano: mwezi uko mbali mara ngapi kuliko nusu-kipenyo cha dunia, jua mara ngapi kuliko mwezi. Uwiano hauna lugha wala soko, na hauhitaji kugeuzwa. Kipimo cha ardhini huingia mwishoni tu, mtu anapotaka kuwaambia wasiokuwa wanafalaki ni njia ndefu kiasi gani.

6. Baghdad: maili ya dhiraa elfu nne

Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, aliweka umbali wa wastani wa jua kuwa nusu-vipenyo 1,210 vya dunia, na tufe la nyota kuwa karibu 20,000. Maandiko yake yalipofika Baghdad yalikuta tatizo la stadio: nani alijua urefu wake? Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala toka mwaka 813 hadi 833, hakuridhika na kugeuza maneno. Aliwatuma wataalamu katika uwanda wa Sinjar wapime upya. Walikwenda kaskazini na kusini wakinyosha kamba, hata nyota ya ncha ikapanda au kushuka kwa digrii moja. Jibu lililopokewa na wengi lilikuwa maili 56 na theluthi mbili kwa digrii, kila maili ikiwa na dhiraa nyeusi elfu nne.

Uamuzi huo wastahili kuheshimiwa. Badala ya kubishana juu ya stadio ya watu waliokufa zamani, walirudi ardhini na kipimo walichokishika mikononi. Karne mbili baadaye al-Biruni, akiwa kwenye ngome ya Nandana, alipata ukubwa wa dunia kwa njia isiyohitaji safari: alipima kimo cha mlima, dhiraa 652 hivi, kisha akapima jinsi upeo wa macho ulivyoinama kutoka kileleni. Nusu-kipenyo alichopata, zaidi kidogo ya dhiraa milioni 12.8, kilikaribiana na kile cha wapimaji wa al-Ma'mun.

Al-Farghani, mwanafalaki wa karne hiyo hiyo ya 9, ndiye aliyekamilisha kazi ya kugeuza. Alichukua mzingo wa maili 20,400, akapata kipenyo cha maili 6,500 na nusu-kipenyo cha maili 3,250. Kisha akazidisha uwiano uliotokana na Ptolemy mmoja baada ya mwingine. Mwezi ukiwa mbali kabisa, nusu-vipenyo 64 na sehemu ya sita, akapata maili 208,541. Jua likiwa mbali kabisa, nusu-vipenyo 1,220, akapata maili 3,965,000. Mwisho wa Zohali, ambako nyota huanza, nusu-vipenyo 20,110, akapata maili 65,357,500.

Tarakimu hii ya mwisho inaonekana kana kwamba mtu amehesabu hadi maili mia tano. Sivyo. Ni zao la 20,110 na 3,250 tu, na hiyo 3,250 yenyewe ilikwisha kukadiriwa. Tarakimu nyingi si dalili ya usahihi. Mara nyingi ni alama ya kuzidisha. Tukumbuke pia kwamba jua halisi liko mbali kwa nusu-vipenyo 23,480 hivi. Ulimwengu wote wa Ptolemy, pamoja na sayari zake zote, ungeenea kati yetu na jua, na nafasi ikabaki! Kosa hilo halikutoka katika stadio wala katika maili. Lilikuwa katika uwiano wa jua, na hapana ugeuzaji wa kipimo ungeliweza kulirekebisha. Ilipasa kungoja mwaka 1672, Cassini akiwa Paris na Richer akiwa Cayenne walipoitazama Mirihi kwa wakati mmoja, ndipo umbali wa jua ulipokaribia ukweli.

7. Maili moja, maana tatu

Kitabu cha al-Farghani kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na watu wa Ulaya wakakisoma kwa muda wa karne nyingi. Neno la Kiarabu mil lilitafsiriwa kwa neno la Kilatini lenye asili ile ile, maana Waarabu wenyewe walikuwa wamelipokea neno hilo kutoka upande wa Roma. Tafsiri ilikuwa sahihi kwa sauti na kwa asili. Kwa urefu ilikuwa mtego.

Aliyenaswa ni Christopher Columbus. Alikubali maili 56 na theluthi mbili kwa digrii, akazichukua kuwa maili za Kiitalia za mita 1,480 hivi. Digrii yake basi ikawa kilomita 84, badala ya 111, na dunia yake ikapungua kwa robo nzima. Akaongeza kosa la pili kwa kuirefusha Asia upande wa mashariki. Kwa makosa hayo mawili alidhani kwamba toka visiwa vya Canary hadi Japani ni kilomita 4,400 hivi tu, hali ni zaidi ya 19,000. Laiti Amerika haikuwapo njiani mwaka 1492, mabaharia wake wangaliangamia kwa njaa na kiu kwa sababu ya neno lililotafsiriwa bila urefu wake.

Je, mtego huo umeondoka? La. Kiswahili nacho kina neno maili, lakini sisi tumelipata kutoka Kiingereza, na urefu wake kwetu ni mita 1,609. Tuseme leo mwanafunzi anatafsiri al-Farghani kwa Kiswahili, anaandika «maili 65,357,500» bila maelezo. Msomaji wake atafahamu kilomita milioni 105. Akisoma kama Columbus, atapata milioni 97. Na tukichukua maili ya Kiarabu kwa makadirio ya Nallino, mita 1,973, twapata milioni 129. Kama tungetumia dhiraa iliyochongwa katika kipimo cha maji ya Nili kisiwani Roda, ya sentimita 54 hivi, maili ingekuwa na mita 2,160 na jumla ingepita milioni 141. Tarakimu ni moja, neno ni moja, na kati ya jibu dogo na jibu kubwa pana kilomita zaidi ya milioni arobaini.

Neno dhiraa halina usalama zaidi. Dhiraa ya mwuza nguo wa pwani ilikuwa nusu ya wari, sentimita 46 hivi. Siyo dhiraa nyeusi ya Baghdad, wala ile ya mafarao. Hata majina ya hesabu kubwa yana shida yake: katika Kongo yetu tusomayo Kifaransa, miliari ni milioni elfu moja, hali jirani zetu wasomao Kiingereza huiita bilioni, na bilioni ya Kifaransa ni kubwa kuliko hiyo mara elfu. Ndiyo maana katika makala haya tumependelea kusema milioni elfu.

8. Kanuni za mgeuzaji

Kutokana na mifano hii twaweza kupendekeza kanuni nne kwa wanafunzi na watafsiri.

Kwanza, neno la kipimo la mwandishi lihifadhiwe pamoja na tarakimu yake, hata kama kilomita zitatajwa pembeni. Stadio ibaki stadio, beru ibaki beru. Na maili isiachwe pekee, bali isemwe ni maili ya nani.

Pili, mgeuzaji aseme ametumia urefu gani na kwa sababu gani. Kama wataalamu wanahitilafiana, ataje majibu yote mawili. Na sababu isiwe kwamba jibu linapatana na la leo.

Tatu, mwandishi akiwa ametoa uwiano, uwiano utangulizwe. Kusema kwamba Ptolemy aliweka mwezi kwa nusu-vipenyo 59 kwa wastani, na leo ni 60.3, ni kumhukumu kwa haki. Tena huonyesha mahali alipokosea kweli: yeye aliruhusu mwezi ukaribie hadi nusu-vipenyo 33 na nusu, jambo ambalo lingeufanya uonekane mara nyingine kuwa mpana karibu mara mbili kuliko ulivyo. Kasoro hiyo Ibn al-Shatir wa Damasko aliirekebisha sana katika karne ya 14.

Nne, tarakimu zisiongezwe usahihi zisiokuwa nao. Aliyeandika «stadio 5,000» alikadiria. Haifai kumpa kilomita zenye nukta na desimali mbili.

9. Hitimisho

Huenda mtu akasema kwamba shida hizi ni za kale, na kwamba mita imezimaliza. Historia ya mita yenyewe yatutaka tuwe wanyenyekevu. Mwaka 1791 Wafaransa waliamua kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya njia kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Delambre na Méchain wakapima toka Dunkerque hadi Barcelona, na mita yao ikapungua kwa karibu sehemu ya tano ya milimita. Kwa hiyo mzingo wa dunia kuwa kilomita 40,000 si bahati. Mita iliundwa hivyo. Tunapompima Eratosthenes kwa kilomita, twamlinganisha na kipimo kilichokatwa kutoka katika kitu kile kile alichokuwa akikitafuta.

Toka mwaka 1983 mita haitegemei dunia tena, bali mwendo wa nuru katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Na mwaka 2012 umbali wa wastani wa jua uliwekwa rasmi kuwa kipimo cha mita 149,597,870,700 kamili. Hivyo tumerudi mahali alipokuwa mwandishi wa Uruk: njia yapimwa kwa wakati. Yeye alikuwa na mwendo wa mtu wa saa mbili, sisi tuna mwendo wa nuru. Kwa beru yake, mwezi ungekuwa mbali beru 35,600 hivi, na jua beru milioni kumi na tatu na zaidi. Hesabu ambazo angeweza kuziandika kwenye kibao chake bila shida yoyote.

Kugeuza vipimo, basi, ni kazi ya tafsiri kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Hesabu ni kuzidisha tu, hata mtoto aweza. Kazi ngumu ni kujua neno lilikuwa na urefu gani katika kinywa cha aliyelisema, katika mji wake na katika siku zake. Kazi hiyo ni ya watu wa lugha pamoja na watu wa falaki, na katika vyuo vyetu haitakamilika wawili hao wasipoketi meza moja.